Ephrasia Alipoacha Kuuza

Ephrasia hakufundishwa biashara na mtu, na kusema kweli hakuna ambaye angethubutu. Akienda kumwona mgonjwa hospitali, hatoki na habari za mgonjwa tu. Anatoka amejua kwamba ndugu wa wagonjwa wanashinda njaa tangu alfajiri, na kesho yake yupo getini na chupa ya uji wa ulezi. Akipanda basi kwenda Kitai, anashuka na namba za simu za watu aliopanda nao bila kujuana, pamoja na habari ya mahali maharage yalipokwama kwa kukosa magunia. Ukimwambia hutaki, hanuni. Anakuonjesha, anakuuliza goti la mama yako linaendeleaje, na kesho anapita tena kana kwamba jana hukumkatalia.

Mumewe, Mansuetus, mkulima wa kahawa, mtu mpole mwenye sauti ya kanisani, alimpendea hayo yote na aliona haya kwa hayo hayo. Aibu yenyewe ilizidi kwa sababu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, yaani wale majirani Wakatoliki wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Uenyekiti ule aliuthamini mno. Hata chai aliinywa kiuenyekiti.

Mambo yaliharibika Oktoba, mwezi wa rozari. Walikuwa nyumbani kwa mama Walburga, mhazini wa jumuiya, wamepiga magoti wanasali litania ya Bikira Maria. Ephrasia alikuwa amekuja na ndoo ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, akaiacha mlangoni kwa heshima. Lakini harufu haina heshima. Mwanamke wa mbele yake aligeuka kidogo, akainua vidole viwili.

"Bikira mwaminifu," akaongoza Mansuetus.

"Utuombee," akaitikia Ephrasia kwa moyo wote, naye akainua vidole viwili kuthibitisha.

Walipofika kwenye Malkia wa Amani, nusu ya wanawake walikuwa wanaomba kwa mdomo na kuagiza kwa vidole. Mansuetus alifumbua macho, akaona, akayafumba tena haraka.

Mama Walburga hakuyafumba. Baada ya sala alimvuta pembeni. "Mwenyekiti, hapa kwangu ni sala au gulio? Mkeo aache biashara, au wewe uache kiti. Utatuongozaje sisi, na nyumbani kwako umeshindwa?"

Maneno yalimwingia. Jioni ile, walipokuwa wanakula, akajikaza.

"Mama Lidia, nakuomba uache kuuza. Uache kabisa. Kahawa inatutosha."

Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, maana mke wake alikuwa na jibu la kila kitu. Ephrasia aliweka tonge chini.

"Umeaibika sana, Baba Lidia?"

"Sana."

"Basi nimeacha."

Na kweli akaacha. Ndoo akaiosha akaihifadhi stoo. Mwanahamisi, rafiki yake wa Mbamba Bay aliyekuwa akimuuzia usipa, alipiga simu, na simu ikalia mpaka ikachoka. Mama Walburga akamsifu mwenyekiti mbele za watu. Mansuetus akawa anakuta chakula cha mchana cha moto, na shambani alikuwa na mwenzake wa kusafisha naye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika maji na udongo mlimani, kabla mvua hazijaanza. Mwanamume angetaka nini tena?

Basi siku moja, wakiwa shambani, alipita mtu anasukuma baiskeli iliyolemewa na parachichi, jasho linamtiririka. Ephrasia wa zamani angemsimamisha. Angemuuliza anayapeleka wapi, kule wanasemaje, na kwa nini asiyachume yakiwa magumu kidogo yasipondeke njiani. Mtu yule angeondoka akicheka, na mzigo wake ungekuwa umeshapata pa kwenda.

"Habari za safari," akasema Ephrasia.

"Nzuri, mama."

Basi. Akainamia jembe lake.

Mansuetus aliitazama ile shingo iliyoinama, moyo ukamuuma. Tangu lini nyumba yake haikusikia kicheko? Mkewe alikuwa hapo, hatua chache kutoka kwake, naye alikuwa anamkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Asubuhi iliyofuata alisema anakwenda parokiani, na huo ulikuwa uongo wake wa kwanza wa maana tangu apate kipaimara. Akapanda kosta kushuka Mbamba Bay. Hakumtafuta Mwanahamisi, maana angemweleza nini? Akaenda mwenyewe kwa wauza usipa wa ufukweni, akachagua kwa ujuzi wote alionao, na ujuzi alionao ni wa kahawa. Alizamisha mkono guniani hadi kiwiko kupima unyevu. Akanusa. Kisha akainua gunia moja baada ya jingine, akachukua zito kuliko yote, kwa kuwa kila mtu wa Mbinga anajua kwamba kahawa nzito ndiyo kahawa. Muuzaji alimsifu sana kwa jicho lake.

Alimkuta Ephrasia uani anachambua maharage. Akalitua gunia mbele yake.

"Nimekuletea," akasema, na hotuba aliyoiandaa njia nzima ikampotea.

Ephrasia alilifungua, akachukua dagaa mmoja, akamtafuna. Tafuno likalia krr. Akatema.

"Baba Lidia, nani amekuchagulia?"

"Nimechagua mwenyewe. Lilikuwa zito."

"Zito kwa mchanga! Hawa wameanikwa chini. Wa kula wanaanikwa kwenye vichanja. Umebeba ufukwe wote wa Mbamba Bay, wale watu wataogelea wapi?"

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga, na Mansuetus, mwenye hasara ya gunia zima, aliona hajapata kununua kitu kizuri hivyo maishani mwake.

Ghafla Ephrasia akainamisha kichwa upande mmoja akilitazama gunia. Mumewe aliujua mtazamo ule.

"Kuku," akasema. "Kuku lazima apate mchanga wa kusagia chakula. Hapa mchanga umo na dagaa wamo. Nani na nani wameongeza vifaranga hapa jirani?" Tayari alikuwa amesimama, anajifunga khanga vizuri. Kisha mikono yake ikalegea. Akaketi tena, akavuta ungo wa maharage. "Lakini nilikuahidi," akasema taratibu.

Ahadi ile Mansuetus hakuiomba kwa ajili yake mwenyewe tu. Aliiomba kwa ajili ya jumuiya, na kwenye jumuiya ndiko ilipaswa kurudishwa.

Jumamosi, kabla ya sala ya mwisho, alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Ndugu zangu, wakati wa sala watu wasali. Mwenye kuuza auze baada ya amina, nje ya mlango. Hilo mama Walburga alisema kweli, nami namshukuru. Lakini mimi nilivuka mpaka. Nilimwomba mke wangu aache kuwa yeye, naye kwa kunipenda akakubali, na nimeishi na huyo aliyebaki, nimeona. Mama Lidia, nisamehe. Na ninyi mkitaka mwenyekiti mwingine, chagueni leo leo. Mimi mke mwingine sitaki."

Watu wakamtazama mama Walburga. Mama Walburga akakohoa, akaitengeneza rozari yake mkononi.

"Kiti si chako hicho?" akasema. "Tumalizie, mwenyekiti, jua linapanda."

Ephrasia alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. Mansuetus alilielewa lile chozi, akapiga ishara ya msalaba na kuanza sala. Alipofungua jicho moja kumwangalia tena, alimkuta amemwinamia jirani yake, mashavu bado yamelowa, ananong'ona:

"Wewe vifaranga wako wanakula nini siku hizi?"

Amina ilikuwa bado mbali. Mwenyekiti akaifupisha sala.