Aliyeondoka Bila Kuinamiwa

Kila Mzee Kuramochi alipoingia ofisini, Bi Munakata alijua kwamba chai yake itapoa. Tangu awekwe kwenye dawati la malalamiko la hospitali alikuwa amesikia ya kila namna: supu ya baridi, ndara zilizoibwa, daktari anayeongea na kompyuta badala ya mgonjwa. Hayo yana dawa. Unasikiliza, unaomba radhi, unamtafuta mhusika, yanaisha. La Mzee Kuramochi halikuwa na dawa, maana aliyekosewa alikuwa amekwisha kuwa majivu.

Mkewe, Sachie, alifariki katika wodi ya saratani theluji ilipoanza kuanguka. Hospitali ile, kama nyingi za huko Japani, humtoa marehemu kwa mlango wa nyuma, na wauguzi waliomuuguza hujipanga nje wakainama mpaka gari lipotee machoni. Ndiyo buriani yao. Hata mgonjwa mkorofi aliyewatukana wote huinamiwa. Sachie hakuinamiwa na mtu.

"Tumekaa pale mimi na dereva, tunatazamana kama wajinga," mzee alisema, akigonga meza kwa kidole. "Hata paka hakutoka! Na mke wangu aliwafumia soksi wale wasichana. Wote! Dripu mkononi, bado anafuma!"

"Pole sana, mzee wangu. Tumekosa."

"Hizo pole zako nimeshiba. Nitajie nani aliyeona Sachie si kitu. Nisipomjua mtu huyo, mke wangu simziki. Atakaa palepale juu ya meza ya chakula, na siku ya kuzika majivu ipite."

Hakuwa akitania. Mtawa wa hekaluni alikwisha mpigia simu, binti yake akamlilia, wapi! Alikuwa akila peke yake mbele ya mtungi wa majivu uliofungwa kitambaa cheupe, akimwekea marehemu bakuli la wali kila mlo. Bi Munakata alipomtazama aliona kola yake imekunjamana, shati la mtu ambaye hajawahi kushika pasi, na moyo ukamuuma.

Akapanda wodini. Muuguzi mdogo kuliko wote, Yajima, aliposikia jina la Kuramochi akaweka sinia chini.

"Ni mimi, dada. Gari lilikuja mapema, wenzangu wakiwa kwenye kupokezana zamu. Nikamwambia baba asubiri kidogo, niwaite tumsindikize mama. Akasema, 'La, la, msijisumbue, mna kazi nyingi.' Nikamwuliza tena. Akasema, 'Msijisumbue kabisa kwa ajili yetu.' Mara kengele ya mgonjwa mwingine ikalia, nikakimbia."

"Na wewe ukamwamini?"

"Kengele ilikuwa inalia, dada."

Bi Munakata akafumba macho. Mtu mstaarabu wa huko hakubali kitu kwa kukaribishwa mara moja, wala mbili. Akikaribishwa chai atakataa, na mwenyeji atamimina tu bila kumsikiliza. Mzee alikataa kama alivyolelewa, akingoja wamzidi nguvu kwa wema. Binti wa watu, roho juu, akachukua neno lake kama lilivyo.

"Kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Niseme nini? Kwamba ni yeye aliyekataa?" Yajima alijifuta pua kwa mkono. "Amefiwa, tena nimtwishe na hilo? Sema tu nilisahau. Mimi bado kijana, nitavumilia kusemwa."

Bi Munakata alikasirika, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Amkasirikie nani? Adabu? Akimtaja Yajima, mzee atamzika mkewe na binti ataharibikiwa na kazi. Akisema kweli, atamrudisha mzee aliyefiwa nyumbani na kisu moyoni. Hakuandika lolote. Alimpigia Mzee Kuramochi, akamwomba aje na mtungi.

Mzee alikuja kwa teksi, shingo upande. "Maigizo haya ni ya nini?" alinung'unika, lakini alikuwa amevaa suti nyeusi na kuchana nywele kwa maji. Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Wakatoka wauguzi, daktari, hata mama wa usafi, wakasimama mstari mmoja kwenye theluji bila makoti. Mzee akakaa kiti cha nyuma, amempakata mkewe. Teksi ikaondoka taratibu, wote wakainama.

Bi Munakata, kichwa chini, alingoja mlio wa gari ufifie. Haukufifia. Ulikoma. Halafu akasikia viatu vikikanyaga theluji, polepole, vikirudi. Vikasimama mbele ya Yajima.

"Inuka, binti."

Yajima hakuinuka. "Nisamehe, baba. Nilisahau."

"Usinidanganye. Uliniuliza. Uliniuliza nikasikia vizuri, na ukaniuliza tena." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Nimekuja hapa kila mara nikitaka mtu aniambie kosa ni la mwingine. Bi Munakata huyu kaomba radhi mpaka nikaona haya, na bado nikarudi. Mimi ndiye niliyesema msijisumbue. Sachie hakusema hivyo. Nani alimwuliza yeye? Angekubali papo hapo, huyo. Hakuwa akiona haya kupendwa."

Mzee alikuwa akilia waziwazi, machozi yakidondoka juu ya kitambaa cheupe, na mikono yake haikuwa na nafasi ya kuyafuta.

"Maisha yetu yote nilimkatalia vitu vya watu," alisema. "Zawadi, lifti, kiti kwenye treni. Nikidhani ndiyo adabu."

Akatazama mstari ule, wasichana wenye pua nyekundu kwa baridi. Ilionekana jinsi neno lilivyomwia zito, mtu aliyezeeka bila kumwomba mtu kitu.

"Mwinamieni tena," alisema. "Naombeni. Mara moja tu, safari hii mimi sikata..."

Walikuwa wamekwisha inama.