Watu wa Kwanza wa Ufukweni

Jiografia ya kijiji chetu, Endalaghan, haihitaji ramani. Juu kuna mlima wenye udongo mzuri, kanisa na watu wa maana. Chini kuna ziwa, matete, mbu na bibi yangu Zita. Historia yake nayo ni fupi: miaka yote watu wa juu hawakutaka kujua chini kuna nini.

Kisha mji wa Mbulu ukatufikia. Ulikuja na lami, ukaja na taa za barabarani, na siku moja mtu akapanga viti vya plastiki kando ya matete, akachoma nyama, akaandika kwenye ubao: BICHI. Tangu hapo matope yaliyokuwa yanawanasa ng'ombe yakaitwa ufukwe. Watu wa mlimani wakawa wanashuka baada ya misa kupiga picha, wakiikwepa nyumba ya Bibi isije ikatokea kwenye simu zao.

Mwaka huu likatoka tangazo. Ukanda wa ziwani utapimwa, utabaki kwa koo zilizokaa hapo tangu mwanzo, zigawane sawasawa. Sehemu nyingine zote zipishe hoteli. Bibi alifurahi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ukoo wa mwanzo ulikuwa mmoja tu, wake. Kabla kikombe hakijaoshwa, nusu ya mlima ilikuwa ya ukoo wa mwanzo. Kwa mgao huo Bibi angebaki na upana wa choo. Nyumba, bustani ya sukuma wiki na kaburi la bibi yake, vyote vingekwenda. Mimi nililia. Yeye akaniambia, "Eva, nipashie maji nioge, kuna mkutano."

Sasa niseme jambo ambalo kwetu Wairaqw kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Zamani msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, alikuwa na metimani, mwiko mzito. Haingii nyumba ya mtu, hanywi kwenye chombo cha mtu, haombi moto kwa jirani. Alipelekwa akakae pembeni, asije akafukuza mvua. Pembeni kwetu ni ziwani. Ndivyo bibi yake Bibi alivyoshuka, na chungu kichwani na mimba tumboni. Na ndiyo maana shuleni mimi niliitwa mtoto wa matete.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa parokia, ukafunguliwa kwa sala, kwa sababu uongo nao unahitaji baraka. Mwenyekiti wa mtaa, Onesphory, akawaita wenye madai. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Margwe, kiongozi wa jumuiya, anayevaa koti hata juani.

"Bibi yetu ndiye aliyetangulia ziwani," akasema. "Sisi ni watu wa maji."

Wakampigia makofi. Yoakimu akasema bibi yake pia alizeekea kule. Tadei, ambaye mvua ikinyesha havuki hata mfereji, akaapa kwamba damu yake yote ni ya ziwa.

Bibi akainuka na fimbo yake.

"Shikamoo, Bibi," mwenyekiti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina ubishi. Nimekaa kule na mjukuu wangu nikidhani hatuna mtu, kumbe tuna ndugu wengi hivi! Bibi yangu alishushwa kwa sababu ya mimba. Sasa na ninyi mtuambie, wa kwenu walishushwa kwa kosa gani?"

Yoakimu akakumbuka kwamba huenda bibi yake alikuwa anakwenda kuchota maji tu, halafu anarudi. Tadei akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita. Wengine wakakaa mmoja mmoja. Akabaki Margwe amesimama, na tamaa mbele, mauti nyuma.

"Hata wa kwetu," akasema akiangalia dari, "alipata mimba."

Mama yake mzazi, Scolastica, alikuwa benchi la mbele na rozari mkononi. "Margwe! Mama mkwe wangu? Aliyefunga ndoa kanisani, kengele zikapigwa? Unamuuza marehemu kwa kiwanja?"

"Mama, mila hizo zilishakufa. Sisi ni Wakristo."

Ndipo chai ikaletwa. Sikumwona mtu yeyote akihama, ila benchi la Margwe lilikuwa limebaki tupu. Msichana aliyekuwa anagawa alipomfikia alisita na kikombe mkononi, akarudi jikoni, akatoka na kopo la bati. Akalijaza, akamwekea kando, pasipo kumgusa. Wakristo wote tukaangalia chini.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kopo hilo nalifahamu. Kwenye harusi za mlimani, mimi na Bibi hupewa hilo hilo.

Bibi akachukua kikombe chake alichotoka nacho nyumbani, akavuka ukumbi polepole, akaketi ubavuni mwa Margwe.

"Karibu ziwani, mwanangu," akamwambia. "Utazoea. Wabaya ni mbu tu."

Margwe akasimama kabla hajaionja chai. "Mwenyekiti, nilichanganya. Sisi ni watu wa mlimani. Tangu Adamu."

Basi ukanda ukabaki kwa Bibi. Hoteli ikajengwa ng'ambo, na karibu na mlango wetu likasimikwa bango la kuwaeleza wageni historia ya mahali. Bibi hajui kusoma, nikamsomea: "Watu wa kwanza kuishi hapa walivutiwa na mandhari nzuri."

"Mandhari ni nini?"

"Vile unavyoviona ukisimama hapa, Bibi."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuka, akayapa maji mgongo, akatazama juu yalipo mashamba na kanisa, akakaa hivyo muda mrefu.

"Bibi yangu alikuwa anakaa hapa hapa," akasema, "anautazama mlima. Kila siku, mpaka alipokufa."

Akafuta macho kwa kanga, akamfunga mbuzi wake kwenye nguzo ya bango.