Nishikie Mashine

Feni zinazunguka sasa. Nane, za chuma cheusi, zinawapepea wanywaji. Marehemu mke wangu na wenzake wa kiwandani waliziomba miaka kumi na moja, wakubwa wakasema hakuna fungu. Vumbi la pamba likamwingia kifuani, likakaa kama mpangaji asiyetaka kuhama. Kisha wakubwa haohao wakafunga kiwanda, wakauza jengo, leo ni baa.

Nilienda saa tisa mchana, si kwa kunywa. Nilikuwa na swali moja linalonila tangu mazishi.

Mle kiwandani mashine zilipiga kelele, huwezi kumsikia hata aliye ubavuni mwako. Wasokota nyuzi wakawa wanaongea kwa mikono. Siku yake ya mwisho, kitandani, mke wangu hakuwa na sauti tena. Alikunja ngumi, akagonga kifundo cha mkono mara mbili, akaninyooshea kidole. Mimi mwashi, lugha ile siijui. Nikadhani kiu, nikamletea maji. Akageukia ukutani. Hakugeuka tena.

Juzi nikasikia mwenzake wa mashine ya jirani anaosha glasi pale baa.

"Anakuja, mzee," alisema mwenye kaunta, jamaa mwenye ndevu zilizochanwa. "Onja hii kwanza. Tangawizi tumeitwanga wenyewe, ganda la chungwa tumelikausha kwa moshi, mizizi tumeiloweka wiki tatu. Hakuna cha dukani hapo."

Nikaonja. Sisemi uongo, ilishuka kama habari njema. Na ukumbi ni mzuri, Mungu anisamehe: matofali yaliyovuliwa plasta, nguzo za chuma zilizopakwa mafuta, taa za zamani ndani ya vizimba vya waya. Katikati wameacha mashine moja, inang'aa. Namba ishirini na sita. Ya mke wangu.

Mwosha glasi akatokea, anajifuta mikono kwenye aproni.

"Shemeji! Mbona umekonda hivyo, unakula au unameza mate?"

"Utani baadaye. Hii ina maana gani?" Nikakunja ngumi, nikagonga mara mbili, nikamnyooshea kidole.

Kicheko kikamkauka.

"Nani kakuonyesha?"

"Yeye. Siku ile."

Akaitazama mashine kwanza.

"Tulikuwa tunaambiana hivyo mtu akitaka kutoka kidogo. Nishikie mashine, narudi."

"Na mwenzake anajibu nini?"

"Hajibu, shemeji. Anaweka mkono kwenye mashine yako, basi. Ukiuona mkono, unatoka na roho safi."

Na mimi nikaleta maji.

Nikaenda mpaka namba ishirini na sita, nikaweka kiganja. Chuma kilikuwa baridi. Hakikuwa na chembe ya vumbi.

"Mzee, usiguse," mwenye kaunta aliita. "Hilo ni pambo."

"Namshikia mtu."

"Mwenyewe kaenda wapi?"

"Kawaulize wakubwa."

Akaja kunishika bega. Sikuutoa mkono.