Mwonjaji wa Maziwa

Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana, na hilo halikuwa jambo geni. Alisimama kando ya sufuria kubwa ya maziwa katika jiko la hospitali, kijiko mkononi, akisubiri povu litulie. Kwa kawaida ya jiko lile, chakula hakitoki kwenda wodini mpaka mwanafunzi wa lishe aonje na aseme kiko sawa. Wanafunzi hawalipwi, kwa hiyo kuonja ndiko kulikuwa kifungua kinywa chake. Wapishi walijua.

"Onja vizuri, daktari wa chakula," alisema mpishi mkuu. "Usione haya, tumbo halina shahada."

Yeye alikuwa nazo mbili. Kilichobaki ni mwaka huu wa mazoezi, uliokuwa ukingoni, na neno la msimamizi wake. Akimpitisha, atasajiliwa kuwa mtaalamu wa lishe na atapata kazi. Asipompitisha ataanza upya, bure vilevile, na nyumbani mama yake alikwisha kuuza cherehani. Cha kuuza kingine hakipo.

Akaonja. Yalikuwa maziwa ya unga ya kuwatibu watoto waliodhoofu kwa utapiamlo. Siku zote yalikuwa mepesi, naye aliyameza kwa njaa bila kuuliza. Leo yalikuwa maji matupu.

"Yamezidi maji," alisema kabla hajafikiri.

Mpishi mkuu akaacha kukoroga. Msimamizi, ambaye wote walimwita Madamu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Njoo stoo, mwanangu," alisema Madamu, kwa upole.

Stoo, makatoni ya maziwa hayo ya unga yalikuwa yamefungwa kamba. Dereva wa mganga mkuu wa hospitali alikuwa akiyabeba kwenda garini, mchana kweupe. Akamsalimu vizuri tu: "Za kazi, dada?"

"Nzuri," alijibu.

Madamu alingoja dereva atoke.

"Hapa mwonjaji ni nani?"

"Ni mimi, Madamu."

"Na tangu uje, nani anasema kila asubuhi maziwa yako sawa?"

Aliyatazama makatoni yaliyobaki.

"Wakija kuuliza, watamuuliza nani? Mimi sijaonja hata kijiko." Madamu alimtoa uzi begani, kama mama amtoavyo bintiye. "Funika kombe mwanaharamu apite. Baraza la usajili linataka majina ya waliofaulu, na lako nimelitanguliza. Au nilitoe?"

"Usilitoe, Madamu."

Wakarudi jikoni.

"Haya, yakoje?" aliuliza mpishi mkuu, bila kumtazama.

"Yako sawa."

Aliona aibu. Kisha aibu ikapoa, akabaki hahisi kitu, hata njaa. Mpishi akaanza kuchota.

Wodini, mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe, mtoto mwenye uso wa kizee. Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Dada, mbona hanenepi? Namnywesha yote, hamwagi hata tone. Nakosea wapi?"

Madamu alikuwa kwenye kitanda cha jirani, akipima homa ya mtoto mwingine. Mkono wake ukatulia.

"Unamharakisha," alisema mwanafunzi. Sauti yake ilitoka laini, sauti ya darasani. "Mkalishe wima. Mnyweshe kidogo kidogo, umpumzishe. Na unawe mikono vizuri kwanza, kwa sabuni."

"Kumbe ni mimi," alisema yule mama. "Namdhulumu mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe, nami nailaumu hospitali. Asante, dada. Mungu akuzidishie."

"Umemweleza vizuri sana," alisema Madamu, akaendelea na kitanda kingine.

Yule mama alikwenda kwenye beseni akanawa. Akaitazama mikono yake, akainawa tena. Kisha akamkalisha mtoto wima, akaanza kumnywesha yale maji, kidogo kidogo, akimbembeleza amalize.