Kifurushi cha Mita Mbili na Robo

Shuka la themanini lilikuwa bado linachuruzika maji pale msimamizi wa idara ya udobi ya hospitali alipompa Winchi kikaratasi cha ruhusa.

"Nakupa saa mbili tu, urudi," alisema. "Hii mara ya tatu mwezi huu. Huko posta wanagawa nini?"

"Hawajanigawia kitu, mama. Ndiyo maana narudi."

"Au kuna mtu?"

Wenzake wakacheka, na Winchi akacheka nao ili yaishe. Jina hilo walimpa wao, kwa sababu ya mkono wake wa kulia uliokuwa ukiinua peke yake furushi la mashuka mabichi ambalo wao walilivuta wawili wawili. Mkono huohuo ulikuwa ukirusha mkuki. Jumamosi kulikuwa na mchujo wa timu ya taifa. Atakayepita angeingia kambini na kupata ajira ya kudumu, na waliofikisha miaka thelathini hawapokelewi. Yeye alikuwa anaifikisha mwezi ujao. Ilikuwa Jumamosi hii au udobi mpaka uzeeni, na jambo hilo lilimnyima raha.

Klabu yake ilikuwa na mkuki mmoja tu, tena umepinda. Mwalimu wake wa zamani, aliyehamia ng'ambo kuishi na binti yake, alimwonea huruma akamtumia wa kwake, mzima, mwepesi, wenye mistari myekundu. Aliutia ndani ya bomba gumu la karatasi akaupeleka posta. Hizo zilikuwa wiki saba zilizopita.

Tangu hapo Winchi alikuwa ameshamshuku kila mtu. Alianza na shemeji yake, mume wa dada yake, kwa sababu Winchi alikuwa anaishi kwao. Sanduku la posta lilikuwa la shemeji, na ufunguo ulilala mfukoni mwake. Siku moja dada yake akiwa bafuni, Winchi alipiga magoti akachungulia chini ya kitanda chao. Alikuta viatu na ndoo iliyotoboka. Hata mwalimu hakusalimika. Alimwandikia kuomba picha ya risiti, na mzee akaituma bila neno, salamu hakuweka. Winchi aliona aibu siku mbili, kisha akaendelea kushuku.

Posta, dirisha namba nne, karani alimwona akapumua kwa nguvu. "Wewe tena, dada."

"Mimi tena."

Karani akagonga kompyuta. "Kinasoma kimefika."

"Kimefika wapi?"

"Kimefika."

"Sawa, lakini kiko wapi?"

"Mashine inasema kimefika. Haijasema kiko wapi." Karani akashusha sauti. "Una uhakika hakuna mtu wa nyumbani kwenu aliyekuja kukichukua? Watu wa nyumbani ndio wabaya."

Winchi akamfikiria tena shemeji, akajichukia. "Dada, ingekuwa simu ningesema mtu kaitia mfukoni. Hiki kina mita mbili na robo. Mtu anatoka nacho vipi hapa, ndani ya soksi?"

Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakaangua kicheko. Karani hakucheka. "Panda juu kwa meneja wa vifurushi ukajaze fomu ya upotevu."

Mara mbili zilizopita fomu hizo zilikuwa zimeisha. Leo zilikuwapo, na Winchi alilishuku hata hilo.

Mlango wa meneja ulikuwa wazi. Kila kitu ofisini humo kilikuwa kimepigwa namba kwa rangi nyeupe: meza, viti, feni, hata pipa la taka. Meneja alikuwa mtu wa makamo mwenye shati lililonyooka vizuri kwa pasi. Alimtazama Winchi viatu kwanza, uso baadaye.

"Wanaokuja kudai vitu vilivyopotea ni wengi," alisema. "Vingine havijawahi kuwa vyao. Sisemi wewe. Kaa, jaza."

Winchi akajaza jina, namba ya simu, mahali pa kazi. Ukurasa wa pili ulimtaka aeleze umbo la kifaa na alama zake. Hapo jua lilikuwa limeingia dirishani likampiga meneja machoni, naye akainuka kufunga pazia. Lilikwenda vizuri mpaka katikati ya dirisha, likagoma. Akalivuta kwa mikono miwili.

"Pazia hili! Tangu walitundike linakwama hapahapa."

Winchi akainua macho kuona linakwama wapi. Pete za pazia zilikuwa zimezuiwa na kamba nyeusi iliyozungushwa vizuri katikati ya fimbo. Fimbo yenyewe ilikuwa nene katikati, ikipungua unene kila upande, na ilikuwa na mistari myekundu. Upande wa kushoto ncha ya chuma ilikuwa imechomoza nje ya ndoano ya ukutani.

Kalamu ilimponyoka. "Bosi, huo ni mkuki wangu."

Meneja akatazama dirishani, akamtazama yeye. "Upi?"

"Huo. Mmetundikia pazia."

"Hii ni fimbo ya pazia."

"Umeona wapi fimbo ya pazia ina ncha ya chuma?"

Mkono wa meneja uliachia pazia taratibu. Kwa muda mfupi Winchi aliona uso wa mtu anayejua, kisha uso huo ukafungwa, na meneja akarudi kitini kwake. Winchi alimsogezea simu yenye picha ya risiti. Akaisoma kama mtu anayesoma hati ya shamba.

"Hapa pameandikwa vifaa vya michezo. Mkuki hawajauandika. Halafu mlango wangu huwa wazi na watu wanapita. Nani atanihakikishia kwamba hukuliona pazia kwanza, ndipo ukatunga habari ya mkuki?"

Winchi alitaka kucheka, lakini kilichotoka kilikuwa karibu na kilio. "Nitunge mkuki, bosi? Ili nikuibie pazia?"

Akaburuta kiti, akapanda bila kuomba ruhusa. Chini kidogo ya ile kamba nyeusi palikuwa na maandishi ya rangi nyeupe: VF 113.

"Umeona?" Sauti ya meneja ilikuwa imepata nguvu. "Ina namba. Hiyo ni mali ya ofisi. Mafundi walikuta bomba la karatasi limelowa, halina anwani, wakaona kilichomo kinatosha dirisha. Kitu kikishapigwa namba hakitoki mpaka kamati ya kuondoa mali ikae."

"Bomba la karatasi?" Winchi aliuliza akiwa bado juu ya kiti. "Mimi sijakutajia bomba. Kwenye fomu sijafika huko, na risiti haisemi."

Meneja akakohoa. "Nimesema mafundi ndio walisema."

"Kwa hiyo ulijua mkuki umekuja kwenye kifurushi."

"Dada, shuka."

"Kamati inakaa lini?"

"Robo ya mwaka ijayo."

"Mchujo wangu ni Jumamosi."

"Hata ingekuwa harusi yako." Meneja alipangusa uso kwa leso. Alifikiri, na kufikiri kwenyewe kulionekana kumchosha. "Sasa kwa vile umeleta mgogoro, fimbo haiwezi kubaki hapa. Itakwenda stoo isubiri kamati." Akamwita tarishi kwa sauti, kisha akakumbuka kwamba tarishi yuko likizo. Akaitazama fimbo jinsi ilivyojaa vumbi, akalitazama shati lake. "Ishushe wewe. Stoo iko ua wa nyuma, mlango wa kijani. Mtunza stoo akugongee muhuri uniletee karatasi. Na usifikirie vingine. Getini pale hakitoki kitu bila kibali changu."

Winchi alizitoa pete moja moja. Pazia lilipoanguka alilikunja nne, pindo juu ya pindo, kama anavyokunja mashuka, akaliweka juu ya meza ya meneja, akashuka na mkuki mpaka ua wa nyuma.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kikaratasi kilisema: Nimetoka kidogo. Uani hapakuwa na mtu, ila pikipiki mbovu za kazi na magunia matupu. Ukuta ulikuwa mrefu kuliko mtu, na tofali moja lilikuwa limetoka. Winchi alichungulia kwenye tundu hilo. Upande wa pili kulikuwa na kiwanja kikubwa cha kujengwa ambacho hakijajengwa, majani na rundo la kokoto. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akarudia tena. Hapakuwa na mtu wala mbuzi.

Alikuwa na hasira mpaka masikio yalikuwa yanamlia. Wiki saba alikuwa amemshuku shemeji yake, amemuudhi mzee aliyemtakia mema, na muda wote huo mkuki wake ulikuwa unamkinga bwana mmoja na jua. Alijua watamtafuta. Jina lake, simu yake na mahali pake pa kazi vilikuwa mezani kwa meneja, vimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Lakini leo ilikuwa Ijumaa alasiri, na watu wa ofisi hawaanzi jambo Ijumaa. Watakuja Jumatatu. Mchujo ni Jumamosi.

Akavua kandambili. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa stoo, akakimbia hatua tisa, akaachia.

Mkuki ulipita juu ya ukuta bila kugusa kitu. Alipochungulia tena aliuona umesimama kwenye majani, mbali sana kuliko alivyotegemea, mkia wake bado unatetemeka.

Getini mlinzi alimwambia anyooshe mikono. "Usichukie, dada. Siku hizi vitu vinapotea sana hapa." Akampekua mkoba, akakuta kipande cha sabuni na kikaratasi cha ruhusa. Akamtaka avue kandambili, akazigonga moja kwa nyingine, akamrudishia. Kisha akafungua daftari, akaandika saa, akaandika: ametoka mikono mitupu.

"Hukupata ulichofuata?"

"Hawakunipa," Winchi alisema.

Akaweka sahihi, akaaga, akatoka akitembea taratibu. Alipopinda kona ya ukuta akaanza kukimbia.