Eksi ni Ndiyo

Mzee Teruo Kuwabara alipompigia simu mkwewe Chiharu kazini, kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba radhi kwa kupiga simu. Cha pili, aliomba radhi kwa kuharibu mali ya kampuni. Kuhusu bustani ya marehemu mkewe hakusema chochote mpaka Chiharu alipomuuliza.

"Imefutika," akasema. "Nimeifuta mwenyewe, mwanangu. Mashine iliniuliza, nikaijibu hapana, sasa sijui vidole vyangu vilifanya nini. Lakini mashine ni nzima, usiwe na wasiwasi. Inawaka vizuri."

"Baba, ulibonyeza kitufe gani?"

"Eksi. Niliibonyeza kwa nguvu kabisa."

Chiharu alimwambia atakuja Jumapili, akakata simu, akaenda chooni akajifungia. Alijua kilichotokea. Alikuwa amelijua jambo hilo tangu kabla halijatokea, na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Kwetu mwalimu akisahihisha daftari, jibu sahihi hulizungushia duara jekundu, na jibu bovu hulipiga eksi. Mtoto aliye mbali akiulizwa kama anataka kula, huzungusha mikono juu ya kichwa iwe duara, au huipishanisha kifuani iwe eksi. Duara ni ndiyo, eksi ni hapana, tumezaliwa tukakuta hivyo. Mashine zetu za michezo nazo, zenye vitufe vya alama hizo hizo, zilifuata hivyo hivyo tangu tukiwa wadogo. Huko ng'ambo wanafanya kinyume, eksi kwao ni kukubali, sijui nani aliwaambia. Basi mwaka huu kampuni yetu ikatengeneza mashine mpya ya kuchezea nyumbani, na wakubwa wakaamua dunia nzima itumie kitufe kimoja. Eksi iwe ndiyo. Sisi, walisema, tutazoea.

Kazi ya Chiharu ilikuwa kuwaketisha watu wa kawaida mbele ya mashine hiyo, kuwatazama wakihangaika nayo, kisha kuandika ni nini kirekebishwe. Kazi nzuri, ila watu wetu ni wagumu kulalamika. Utamwona mama wa watu amepotea kwenye menyu mpaka jasho linamtoka, ukimuuliza anakwambia mashine ni nzuri sana, tatizo ni yeye. Chiharu ana kipaji cha kuwatoa watu maneno. Kwa ule upole wake wazee walifunguka, na karibu wote walisema jambo moja: hiki kitufe mmekigeuza, iko siku mtu atalia. Bibi mmoja muuza maua alimshika mkono akamwambia, "Binti, mimi nikisema hapana nataka iwe hapana."

Sasa, vikao vyetu si vya kuamua. Mambo huamuliwa kabla, mtu anapita meza kwa meza akiongea kwa sauti ya chini, na siku ya kikao kinachobaki ni kutikisa vichwa na kunywa chai. Chiharu alipita. Baadhi walimwangalia kwa huruma. Kisha akafika kwa Shinohara, mkuu wetu wa kitengo, mtu wa tabasamu lisiloisha.

"Hilo limeshapita, dada," Shinohara alimwambia. "Huko juu wameshakubaliana. Ukilileta kikaoni utawaumbua watu wazima. Kuandika sikukatazi. Liandike tu vizuri."

Maana ya "vizuri" tunaijua sote. Chiharu akakaa, akaandika: "Baadhi ya washiriki walihitaji muda kidogo kuzoea." Kila neno hapo ni la kweli, na sentensi nzima ni uongo. Mimi meza yangu iko jirani na yake. Nilimwona akilifuta neno "kidogo", akakaa akiitazama skrini, kisha akalirudisha.

Na hiyo bustani ilikuwa hivi. Fumie, mke wa mzee Teruo, alipougua akawa hawezi kutoka nje, mwanawe Kazuya alimnunulia mchezo wa kilimo. Mama huyo alikuwa hajawahi kushika vitufe vya michezo maishani mwake. Akaanza na tuta la biringani, akaongeza kibanda, akaongeza mti wa matunda, akafuga paka na kumpa jina la dada yake waliyekuwa hawasemezani. Alipofariki, mzee aliendelea kumwagilia. Kila asubuhi, baada ya kuweka wali na kufukiza udi mbele ya picha ya mkewe, alikuwa akikaa sakafuni na kuifungua bustani. Yule mwanamke mdogo wa kwenye skrini, ambaye Fumie alimchagulia nywele na aproni kama zake, alikuwa akimngoja barazani. "Namwagilia, halafu tunakaa," ndivyo mzee alivyomweleza Chiharu siku moja, bila haya yoyote.

Mashine ile ya zamani ikaanza kunguruma na kujizimia. Chiharu, kwa nia njema kabisa, akamletea mzee moja kati ya zile mpya za majaribio ambazo wafanyakazi tuliruhusiwa kuzipeleka nyumbani, akaihamishia bustani humo. Kuhamisha, si kunakili, ndivyo ilivyoundwa. Wala mashine za majaribio haziunganishwi na hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu bado ni siri ya kampuni. Alimfundisha mzee vitufe, akamwambia siku hizi eksi ndiyo ya kukubali. Mzee akatikisa kichwa, akasema ameelewa. Mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi tangu ujana mpaka kustaafu. Ameshapiga eksi kwenye madaftari ya nusu ya mtaa.

Asubuhi moja skrini ikamwambia nafasi imejaa, je, ifute bustani? Mzee akashtuka, na mtu akishtuka hakumbuki somo la juzi, hukumbuka la utotoni. Akabonyeza eksi. Mashine ikamuuliza tena: una hakika? Haitarudi. Akabonyeza eksi kwa kidole gumba chote. Kadiri alivyokataa, ndivyo mashine ilivyoona amekubali.

Chiharu aliwakimbilia mafundi wa ghorofa ya chini siku ile ile. Wakamwambia hakuna kilichobaki cha kuokoa.

Kesho yake akapigiwa simu na mumewe. Kazuya anafanya kazi Sendai, hapa Nagoya anakuja kwa nadra.

"Baba amerudisha bendera," alisema.

Ni ile bendera ya njano ya kuvushia watoto barabara. Tangu alipostaafu, mzee alikuwa akisimama kila asubuhi kwenye kivuko cha karibu na shule, iwe mvua, iwe jua, akiwajua watoto kwa majina na kujua nani hajala.

"Anasema mtu asiyetofautisha tena ndiyo na hapana hawezi kuvusha watoto wa watu," Kazuya akaendelea. "Na ile nyumba ya wazee ameikubali. Jumatatu anakwenda kutia muhuri kwenye mkataba. Mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Si tulimbembeleza tukachoka? Labda ni heri, Chiharu. Kichwa kimeanza kumtoka."

Chiharu alitakiwa aseme ukweli pale pale. Sentensi moja ingetosha. Badala yake akasema atazungumza na baba Jumapili. Aliponisimulia haya tukila tambi mchana, aliniambia kilichomuuma kuliko vyote ni kwamba aliposikia yale maneno ya mumewe, moyo wake ulitulia. Mzee akiamini kosa ni lake, hakuna atakayeuliza ile sentensi iliandikwa na nani. Ulitulia kwa muda mfupi tu, lakini ulitulia, na yeye mwenyewe akausikia. Akaweka vijiti vya kulia chini. Nikamwambia ale. Mimi pia nilikuwa kwenye kikao kilichoipitisha ripoti yake, na nilitikisa kichwa kama wenzangu.

Mchana ule ule akaenda kwa Shinohara. "Bosi, baba mkwe wangu amefuta bustani ya marehemu mkewe. Kwa eksi. Alikuwa anakataa."

Tabasamu la Shinohara likaisha. Nisimsingizie, aliumia kweli. Naye ana mama mzee. Lakini akasema viwanda vimeshaanza kazi, na kilichofungwa kimefungwa. Akatoa pochi yake mwenyewe.

"Nunua boksi la keki, pale kwenye duka kubwa, lenye karatasi ya heshima. Mpelekee. Usieleze sana, mashine bado ni siri. Mwambie kampuni inamshukuru kwa maoni yake."

"Hajatoa maoni yoyote, bosi."

"Basi tunamshukuru kwa hilo."

Jumapili Chiharu alimkuta mzee amekaa peke yake. Runinga imezimwa, na mashine ya kampuni imefungwa ndani ya boksi lake, na waya umekunjwa vizuri. Kwa kawaida Chiharu huja nyumba ile na mfuko wa plastiki wenye vitunguu na tofu ya soya, anapitiliza jikoni bila kubisha. Siku hiyo alikaa chini, akaliweka boksi la keki mbele ya mzee na kulisukuma kwa mikono miwili.

"Hii ni nini?"

"Keki za maharage, baba."

"Keki naziona. Nauliza ni nini." Mzee akalinyanyua boksi, akalipima uzito. "Mwanangu, mimi nimekuwa mwalimu. Boksi la karatasi kama hii huletwa na mzazi ambaye mtoto wake amevunja dirisha. Likiwa zito hivi, mtoto amempiga mwenzake jiwe. Sasa nani kampiga nani?"

Chiharu alikuwa amejiandaa kusema kampuni inamshukuru. Alikuwa amelirudia neno hilo njia nzima ndani ya treni. Akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Ni mimi, baba."

Akamweleza yote akiwa ameinama vile vile: kitufe kilivyogeuzwa, wazee walivyosema, bibi wa maua, meza alizopita. Mzee alimsikiliza bila kumkatiza, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto.

"Kwa hiyo nilipobonyeza, nilikuwa nakataa."

"Ulikuwa unakataa, baba."

"Kichwa changu ni kizima."

"Ni kizima. Hata vijana wamekosea vile vile, mbele ya macho yangu."

"Mbele ya macho yako," mzee akarudia. "Na wewe ukaandika nini?"

Akamtajia ile sentensi. Ilikuwa ngumu kuitoa kinywani kuliko mengine yote. Mzee akatingisha kichwa taratibu.

"Kidogo," akasema.

Akainuka, magoti yakalia, akaenda kwenye kabati la picha ya mkewe na kulifungua. Akakaa mbele yake, mgongo kwa Chiharu.

"Mama Kazuya," akasema, "nilikataa. Umesikia? Si mimi niliyekufuta. Nilikataa mpaka kidole kikauma." Mabega yake yakaanza kutikisika. Chiharu hakujua amwangalie au asimwangalie, akabaki ameinama, machozi yake yakidondokea mkekani na akiona hana haki nayo.

Mzee aliporudi alikuwa amejifuta uso. Akachukua simu, akampigia mwanawe. "Kesho sitii muhuri. Hapana, sijaumwa. Mkeo atakueleza, anajua vizuri." Akakata. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Mlinipa ile mashine mpate maoni yangu, sivyo?"

"Ndiyo, baba."

"Basi andika. Mzee mmoja alikataa mara mbili, mashine ikachukua kwamba amekubali, na kilichokuwemo hakitarudi. Neno 'kidogo' usiliweke popote."

"Nitaandika. Na nitaisoma kikaoni, mbele yao wote."

"Watabadilisha?"

"Sidhani, baba."

"Andika hivyo hivyo."

Akaenda jikoni mwenyewe. Chiharu akainuka haraka kumsaidia, maana chai ya nyumba ile huwa anaichemsha yeye, lakini mzee akamwambia akae. Akamletea mto wa wageni. Akatoa vikombe vya wageni, vile vyenye visahani, akafungua boksi la kampuni na kupanga keki kwenye sahani, akaisogeza upande wa Chiharu na kumwomba ajisikie huru. Hakumfokea. Alimuuliza kama treni ilikuwa na watu wengi. Chiharu akatafuna keki ile tamu, akaishushia chai.

Alipokuwa akivaa viatu, mzee alitoka hadi mlangoni kumsindikiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mtu wa nyumba ile akitoka huambiwa "nenda, urudi", neno ambalo mgeni haambiwi, na Chiharu alikuwa akiambiwa hivyo tangu wiki ya harusi yake, hata alipokuwa anakwenda tu dukani kununua chumvi. Mzee akashusha mikono mapajani, akainama sana, na kwa adabu zote.

"Karibu tena," akasema.