Kamusi na Mashine ya Hewa

Mdogo wake fundi cherehani walimwita Kamusi. Jina hilo alilipata kazini, kwenye mradi wa kuchimba handaki la maji chini ya kilima. Mhandisi mkuu alikuwa mgeni, Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu, na kila alipofungua kinywa wachimbaji walimgeukia kijana huyo awaambie bwana mkubwa kasemaje. Kamusi alikuwa amekipenda Kiingereza tangu shuleni, ingawa Kiingereza chenyewe hakikumpenda kiasi hicho. Lakini nani angemsahihisha? Akisema neno hili maana yake ni hii, basi ndiyo hiyo.

Kazi yake hasa ilikuwa kuendesha mashine ya hewa. Ilikaa juu ya kilima, chini ya kibanda cha mabati, ikisukuma hewa kwa bomba lililoshuka kwenye tundu hadi kwa watu waliokuwa wakichimba chini. Na ni yeye aliyemwingiza shemeji yake, mume wa fundi cherehani, kwenye kazi hiyo.

Dada mtu hakupenda. Mume wake alikuwa mwashi, mtu wa kupandisha kuta juani. "Mtu mzima na ndevu zake, unaingia shimoni kama panya," alimwambia. Mume alicheka, akavaa buti, akaenda. Tangu hapo mwanamke hakutulia. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya kilima, na siku nzima aliisikiliza mashine ya mdogo wake. Ikinguruma, alishona. Ikikohoa, mguu wake uliganda kwenye kanyagio la cherehani mpaka ikae sawa tena. Wateja walimlalamikia kwamba siku hizi mishono yake inapinda.

Siku ya tukio alikuwa akipachika mfuko kwenye ovaroli. Ardhi ilitoa mguno, mkasi ukacheza juu ya meza, kisha king'ora kikalia. Hakukumbuka alivyofika kwenye mdomo wa handaki. Alichokumbuka ni vumbi, na wanaume waliokuwa wakitoka ndani yake mmoja mmoja, weupe kama waliomwagiwa unga, wakikohoa. Alikuwa akimshika kila mmoja kidevu na kumgeuza uso. Siye. Siye. Huyu naye siye.

"Mama, rudi nyuma ya kamba," mlinzi alimwambia.

"Nirudi nyuma niende wapi?"

Karibu yake alisimama mke wa Kipara, mchimbaji wa siku nyingi aliyekuwa akifanya kazi bega kwa bega na mume wa fundi cherehani. Naye alikuwa bado hajamwona wake. Walishikana mikono bila kuambizana.

Watu wakaacha kutoka. Msimamizi wa zamu aliwapanga waliookoka, akawahesabu, akamnong'oneza mhandisi. Mhandisi alivua kofia, akaishika redio ya mkononi na kusema kwa sauti ya kuchoka: "Two left. Two left."

Kutoka kwenye redio ikajibu sauti ya Kamusi, toka huko juu kilimani: "Okay, sir! Okay! Thank you, sir!"

Fundi cherehani aliijua sauti ya mdogo wake tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Ile ilikuwa sauti ya furaha. Ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alimtazama mhandisi, akaona uso wa mtu anayetaka kulia. Kuna jambo halikukaa sawa hapo, ila hakujua ni lipi. Alikuwa bado anahangaika nalo kichwani pale mngurumo wa mashine ulipokatika.

Wengine hawakuusikia ukimya ule, maana pale chini palikuwa na kelele za kutosha. Yeye aliusikia kama mtu aliyepigwa kofi. Aliuachia mkono wa mke wa Kipara, akapita chini ya kamba, akaanza kupanda kilima. Kandambili moja ilimchomoka, akaipiga teke nyingine imfuate mwenzake. Mlinzi aliita. Hakugeuka.

Alimkuta Kamusi anajifuta jasho kwa tambara, meno yote nje.

"Dada! Alhamdulillahi! Wametoka wote!"

"Kwa nini umezima?"

"Ilikuwa imechemka, maji yamekauka, ingekufa kabisa. Nimeivumilia mpaka wale wawili wa mwisho wameondoka."

"Nani kakwambia wameondoka?"

"Mhandisi mwenyewe. Two left. Left ni kuondoka. Wawili wameondoka."

"Nimetoka huko sasa hivi. Shemeji yako hayuko. Kipara hayuko."

Kamusi alibaki na tambara mkononi. Midomo yake ilicheza, akilirudia neno lile kimoyomoyo, akiligeuza huku na huku.

"Mungu wangu," alisema. "Kubaki. Left ni kubaki pia. Wamebaki wawili."

"Washa!"

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine ilitoa mlio mmoja, kama mtu anayesafisha koo, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Kimya. Betri ilikuwa ya zamani, na injini ilikuwa ya moto kiasi kwamba mate yangekaukia hewani. Kamusi alianza kuzungumza ovyo, mara Kiswahili mara Kiingereza, mpaka dada yake akamkamata shati kifuani.

"Niambie cha kufanya. Kwa maneno ninayoyaelewa."

"Maji. Kidogo kidogo, isije ikapasuka. Halafu tuizungushe kwa mkono."

Alikimbilia pipa lililokuwa nyuma ya kibanda, akarudi na ndoo. Walimimina, mvuke ukawaunguza viganja, wakamimina tena. Kamusi alichomeka chuma cha kuzungushia. Alikisukuma peke yake, kikagoma. Dada yake akaweka mikono juu ya mikono yake, wakasukuma wote wawili, mwili mzima, huku mwanamke akiitukana ile mashine matusi ambayo mdogo wake hakujua kama anayajua. Ilikohoa. Wakazungusha tena. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi, na mwishowe ikaanza kunguruma.

Hawakushangilia. Kamusi aliinama akaweka sikio kwenye bomba, asikie kama hewa inapita. Ilikuwa inapita. Alikaa chini palepale, kwenye mafuta na matope, akajifunika uso.

"Usilie sasa," dada yake alimwambia. "Ukilia utashindwa kuisikia. Hiyo ikizima tena, mimi na wewe hatujuani."

Aliteremka. Kule chini walikuwa wameanza kufukua kifusi kwa koleo na kwa mikono. Alijiunga na mstari wa kupokezana ndoo za udongo, maana kukaa kusubiri kungemtia wazimu. Mke wa Kipara alikuja akasimama nyuma yake, akipokea ndoo.

Mchana ukapita. Kuna wakati mhandisi alipaza sauti kwenye redio, akiwa ameinamia kifusi: "Left! Left! Tell them, left!"

Kisha Kamusi akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu iliyopasuka, mpaka kila mtu akasikia: "Wameondoka, wamebaki, au wamefanywa nini tena? Mimi sisemi kitu! Muulizeni mwenyewe aonyeshe kwa mkono!"

Mhandisi hakuelewa hata neno. Fundi cherehani aliweka ndoo chini, akasimama mbele yake, akampungia mkono mmoja, kisha wa pili, akauliza kwa macho. Mhandisi akainua mkono wake wa kushoto. Alikuwa amesikia mtu anagonga bomba upande huo. Wafukuaji wakahamia kushoto, na kabla jua halijazama walimtoa Kipara, kisha mume wa fundi cherehani, mguu umevunjika, macho yamejaa mchanga, yu hai.

Asubuhi iliyofuata hospitalini, mume alikuwa ameinuliwa mguu kwa kamba na mkewe amesimama dirishani. Kiti kilikuwepo, ila alishindwa kukikalia.

"Kuna wakati hewa ilikatika," mume alisema. "Kipara alianza kusali. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe na ule upuuzi wako wa panya. Nikasema mwanamke huyu atanisimanga hata kaburini." Akajivuta kwenye mto. "Nani alizima?"

Mwanamke alikuwa amejua swali hilo lingekuja, na usiku kucha alikuwa akitafuta jibu la kuficha. Mashine iliharibika yenyewe. Nani angembishia? Lakini alipogeuka akaona macho mekundu ya mumewe yamemkazia, akakosa nguvu za kudanganya.

"Mdogo wangu. Alidhani mmetoka wote. Aliambiwa neno akalielewa kinyume."

"Neno gani?"

Akamweleza. Alichukua muda, kwa kuwa ilibidi aeleze kuondoka, kubaki na kushoto, na mume akawa anarudisha nyuma kila mara. "Lilelile moja?" "Lilelile." "Na wanaelewana hao wenye lugha yao?" "Sijui. Nadhani wana namna yao."

Mume alifumba macho. Kifua kilimpanda na kushuka, na mkewe hakuweza kujua ni hasira au ni maumivu ya mbavu. Huko nje, kwenye korido, viatu vilikuwa vikipita mlangoni, vikienda, vikirudi, vikisita, vikienda tena. Ilikuwa hivyo tangu alfajiri.

"Ni yeye huyo?"

"Ndiye. Hajala tangu jana. Amemwambia msimamizi anaacha kazi."

"Mimi sijui kama nimemsamehe," mume alisema bila kufumbua macho. "Nisije nikakudanganya. Nikifikiria giza lile, nataka kumkaba. Ila mwambie aingie akae chini. Hivyo viatu vyake vitanimaliza kabla ya mguu."

Fundi cherehani alikwenda mlangoni, akamwita mdogo wake kwa jina alilopewa na wazazi wao.